Kete Iliyoibwa na Mashine Namba Tatu

Makutano, Meru
Jumamosi, Agosti 1997

Manyunyu yalianza kabla ya chai na mpaka sasa hayajaamua kama ni mvua. Ukungu umeficha mlima wote, na hata paa la kanisa lililo ng'ambo ya barabara silioni vizuri. Nimevaa sweta mbili. Mikono bado ni baridi, lakini nadhani si hali ya hewa peke yake.

Leo ndiyo siku yenyewe.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alituambia tuandike shajara likizo hii, tuseme kweli na tusijipambe. Basi kweli ya leo ni kwamba siwezi kukaa mahali pamoja. Mama ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ni cha kazi yake, sisi tunaishi nyuma. Tangu afungue mlango nimekwenda steji na kurudi, nikaenda tena na kurudi, mpaka ameniuliza kama nimeajiriwa kukagua magari.

"Kendi, keti. Gari la Embu haliji kwa kuangaliwa."

Nimeketi. Nimesimama tena. Nimepiga pasi sare ile ile niliyoipiga jana, na Mama amenipokonya pasi akisema nitaichoma bila sababu.

Kinachonisumbua ni kitu kidogo, hakizidi kiganja changu. Ni disketi, ya kuhifadhia kazi za kompyuta. Kama Mwalimu Nyaga ameamua kunitumia, itakuja leo na gari la Embu. Kama hajaamua, haitakuja, na alinikataza kumwuliza tena.

Nieleze tangu mwanzo, kwa sababu nikiandika angalau vidole vina kazi.

Shuleni kwetu kuna chumba cha kompyuta. Kompyuta ni za zamani, tulipewa na watu waliokuwa wamezichoka, na kila moja ina namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni. Katika Mashine Namba Tatu kulikuwa na mchezo. Mashine nyingine zilikuwa na michezo ya kuletwa, ya kupiga risasi na ya kupanga matofali, lakini Namba Tatu ilikuwa na Kiothi. Ndiyo, kiothi hiki hiki chetu, bao la mashimo ambalo babu zetu walikuwa wakichimba ardhini wakichunga. Mashimo yako kwenye skrini, kete ni vitone vyeupe, unacheza na mashine. Msichana yeyote aliyepitia shule yetu miaka ya karibuni anaujua. Tuliusubiri foleni Ijumaa jioni kama wanavyosubiri watu maziwa.

Mchezo huo uliandikwa na Mwalimu Nyaga. Hakuununua wala hakuutoa kwa mtu. Aliuandika mwenyewe akiwa chuoni, kisha alipokuja kutufundisha hesabu akauweka kwenye Namba Tatu. Nilipokuwa kidato cha kwanza alikuwa bado yupo. Alikuwa akisimama mlangoni mwa chumba cha kompyuta, mikono mfukoni, akitutazama tukicheza. Baadaye aliacha ualimu. Sasa anaweka hesabu za ushirika wa kahawa mjini Embu.

Na mchezo ule ulikuwa na kasoro moja maarufu. Mashine ilikuwa inaiba.

Sitanii. Ukikaribia kuishinda, ghafla kete moja inatoweka kwenye shimo lako na kuonekana kwenye shimo lake. Hakuna sauti, hakuna neno. Unahesabu tena, imeondoka. Hapo chumba kizima kilikuwa kikilipuka: "Mwizi! Mwizi!" Rafiki yangu Kathambi alikuwa akiipiga Namba Tatu kofi la ubavuni na kuiambia, "Wewe, nitakupeleka kwa chifu." Tulikubaliana kwamba Mwalimu alikosea hesabu mahali fulani, na kwa kuwa alikuwa mwalimu wa hesabu, tulicheka zaidi.

Muhula uliopita Namba Tatu ilianza kulia kama mlango usiotiwa mafuta. Siku chache baadaye haikuwaka tena. Tulikuwa tumejaribu kunakili mchezo mapema, lakini nakala zilikatika katikati kila mara, kama mtu anayesahau maneno ya wimbo. Ndipo nilipoelewa jambo ambalo lilinikosesha usingizi. Programu huandikwa kwanza kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyasoma, mstari kwa mstari. Kisha hugeuzwa kuwa kitu ambacho mashine pekee inakielewa. Sisi tulikuwa na hicho cha pili tu, na kimekufa. Yale maandishi ya kwanza hakuna aliyewahi kuyaona.

Mimi ndiye katibu wa chama cha kompyuta. Nilifikiri, sawa, nitauandika upya mwenyewe. Kiothi nakijua, na programu nimefundishwa. Niliuandika muhula wote uliobaki, kwenye Namba Moja, nikikumbuka jinsi ule wa zamani ulivyoonekana: mashimo mahali pale pale, vitone vile vile. Niliposhindwa kukumbuka, Kathambi alikumbuka. Na ile kasoro ya wizi, bila shaka, niliiacha nje. Nilijivunia hilo. Wangu ulihesabu vizuri.

Alhamisi Mama alikuwa anakwenda Embu kumwona mtoto mchanga wa mama mdogo. Nikamwomba twende pamoja, nikiwa na disketi yangu mfukoni. Wakati wanawake wanapikiana uji, mimi niliomba ruhusa nikaenda kwenye ofisi ya ushirika.

Mwalimu Nyaga amenenepa kidogo. Alinikumbuka kwa sauti kabla ya kunikumbuka kwa jina.

"Huyu si yule wa maswali?"

"Ni mimi, Mwalimu."

Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Alivuta kiti mbele ya kompyuta ya ofisi, akaingiza disketi yangu, akaanza kucheza. Nilisimama nyuma yake nikishikilia mkanda wa mfuko wangu. Alicheza haraka sana, kama mtu anayepukuchua mahindi. Alipokaribia kushinda alipunguza kasi. Aliinua vidole, akaitazama skrini, akangoja. Mashine yangu ikacheza vizuri na kwa haki, ikashindwa.

"Huyu hajui kuiba," akasema.

"Nimerekebisha hiyo, Mwalimu. Ilikuwa na hitilafu."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka, na nikatamani angeendelea.

Alinieleza polepole, akiangalia dirishani. Yeye ni wa kule chini, upande wa Siakago, kwenye joto na mbuzi. Kaka yake mkubwa aliitwa Ireri. Walichunga pamoja na walicheza kiothi kila siku, mashimo kwenye vumbi, kete mbegu za miti. Ireri alikuwa mwizi. Alikuwa akisambaza kete na mkono wake ukipita juu ya shimo lako, kidole gumba kilikuwa kinachukua moja. Sheria ya kwao ni kwamba ukimshika mwizi kabla ya kucheza zamu yako anarudisha. Ukicheza kwanza, basi, imekwenda. Mwalimu alikuwa mdogo, na katika utoto wake wote hakumshika hata mara moja. Ireri alifariki Nyaga akiwa mwaka wa mwisho chuoni. Mwezi ule ule ndipo alipoandika mchezo.

Kwa hiyo haikuwa hitilafu. Mimi, kwa bidii na kwa mwandiko mzuri, nilikuwa nimemwondoa Ireri.

Nilitaka sakafu ya ofisi ile inifungukie. Niliuliza kama bado ana yale maandishi ya kwanza. Akasema yapo, kwenye mkebe wa biskuti nyumbani, hajayafungua tangu chuoni.

"Mwalimu, tungeyapata, tungeurudisha kama ulivyokuwa."

"Kama ulivyokuwa," akasema, na akaitazama disketi yangu.

"Sitagusa mstari hata mmoja."

"Kendi, ninyi mkifungua mtaona ni mistari tu. IF hii, THEN ile. Kwangu mimi bado ni yeye."

Mwishowe akanipa disketi yangu na kunisindikiza mpaka mlangoni. Akasema atafikiri. Kama atayatoa, atayaweka kwenye gari la Jumamosi lenye jina langu. Jumamosi ikipita, nisiulize tena.

Ndiyo sababu nimeshinda barabarani kama kuku aliyepoteza kiota.

*

Baada ya chakula cha mchana

Gari la kwanza limefika. Hakuna kitu.

Makanga ametafuta chini ya viti, akanionyesha jogoo, gunia la maembe na kandambili moja, akaniuliza kama chochote kati ya hivyo ni changu. Watu wamecheka. Mimi pia nimecheka, ili nisifanye lile jingine.

Liko gari moja zaidi la mchana.

Nimejaribu kusoma Jiografia. Nimesoma ukurasa mmoja juu ya misitu ya Kanada na sikumbuki hata mti mmoja. Nimewaza: labda ana haki. Labda kuna vitu ambavyo si vya watu wote. Nani alinipa mimi ruhusa ya kuomba kaka wa mtu? Sisi tulikuwa tunataka kucheza tu Ijumaa jioni.

Lakini pia nimewaza hivi. Wasichana wa kidato cha kwanza wakija mwakani, watakuta michezo ya risasi na ya matofali. Watadhani kompyuta ni kitu kinachotoka mbali na kuzungumza mambo ya mbali. Hawatajua kwamba palikuwa na mashine iliyocheza kiothi, na iliyoiba kama mtu wa Siakago. Mimi nilipouona mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilijiambia: kumbe inawezekana kuandika kitu chetu humo ndani. Yote ninayotaka kufanya maishani yalianzia kwenye foleni ile. Sijawahi kumwambia mtu hilo, na naona haya hata kuliandika.

Mama ameimba wimbo wa kwaya akishona, kwa sauti ya chini, kama afanyavyo anapotaka nijue kwamba ananiona.

*

Jioni

Imekuja.

Niandike polepole, mkono unataka kukimbia.

Gari la pili lilifika nikiwa tayari nimesimama kwenye matope. Makanga wake ni kijana mrefu mwenye kofia ya sufu. Akapaza sauti: "Kendi wa Makutano ni nani? Kendi!"

"Mimi."

Akanitazama kutoka kofia ya sweta hadi viatu. "Wewe? Mwalimu amenishikilia mkono dakika nzima akiniambia nitunze, nikadhani Kendi ni meneja wa benki."

"Nipe, tafadhali."

"Ngoja basi. Nimekuwekea mahali pazuri sana, isipindike." Akaingia ndani, akainua mkono juu ya kiti cha nyuma, akaitoa bahasha ya kaki kutoka juu ya spika kubwa ya muziki. Spika ilikuwa bado inanguruma. "Unaona? Haina hata mkunjo."

Ndani ya spika kuna sumaku, na disketi huandikwa kwa sumaku. Ni jambo la kwanza tulilofundishwa: usiweke disketi karibu na redio. Kutoka Embu mpaka Meru, mlima wote, Ireri alikuwa amekalia sumaku.

"Kwani vipi?" makanga akauliza. "Si ni nzima?"

Nilimwambia asante. Angejuaje? Alikuwa amempa mgeni wake kiti bora kuliko vyote alivyokuwa navyo.

"Na Mwalimu amesema nikwambie," akaongeza akiwa ameshaning'inia mlangoni, "usijifungie nayo. Kila msichana anayetaka, umpe. Maneno yake hayo, si yangu."

Nilikimbia kwa Dada Gatwiri. Ana duka la kupiga chapa mlango wa tatu kutoka kwetu, kompyuta moja, printa moja na simu. Nilimkuta akichapa kadi za harusi.

"Dada, nisaidie mashine kidogo tu."

"Kidogo chako nakijua, Kendi. Hii harusi ni Jumamosi ijayo na bwana harusi bado hajaamua jina la pili." Lakini aliniona uso. Akahifadhi kazi yake, akanipisha kiti.

Niliingiza disketi. Mashine ikakwaruza, ikakwaruza, ikaandika kwamba haiwezi kusoma.

Nikaitoa. Nikaifuta kwa ncha ya sweta, ingawa najua haisaidii. Nikaiingiza tena. Haiwezi kusoma. Dada Gatwiri akasimama nyuma yangu akaacha kutafuna alichokuwa akitafuna. Mara ya tatu nilifumba macho, na nilipofumbua kulikuwa na majina mawili kwenye skrini. Moja lilikuwa la mchezo wenyewe, uliogeuzwa tayari. La pili lilikuwa la maandishi.

Niliufungua mchezo. Ukavunjika pale pale, herufi za ajabu zikajaa skrini kama siafu. Spika ilikuwa imekula.

Nikafungua maandishi.

Yakafunguka.

Mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Palipoumia palikuwa na herufi chache tu zilizopotea katika rangi za mashimo, na hizo ningeweza kuzijaza hata usingizini. Hapo ndipo nilipoelewa vizuri kwa nini maandishi ni bora kuliko mchezo wenyewe. Mchezo ukipoteza herufi moja, umekufa. Maandishi yakipoteza herufi moja, mtu anayesoma anajua ilikuwa gani.

"Ni nini hicho?" Dada Gatwiri akauliza. "Mbona unalia kwenye kibodi yangu?"

"Ni kiothi, Dada."

"Kiothi inakulizaje, na wewe huna hata mbuzi wa kuchunga?"

Niliyageuza maandishi kuwa mchezo, nikacheza. Mashimo yale yale. Nilipokaribia kushinda, kete ikatoweka. Dada Gatwiri, ambaye hajawahi kuuona maishani mwake, akapiga meza: "Ala! Mwizi!" Nikacheka mpaka nikashika tumbo.

Kisha nikarudi kwenye maandishi kuona wizi unavyofanywa. Niliupata. Na chini yake nikapata kitu ambacho hatukuwahi kukijua.

Baada ya kuiba, mashine haiendelei na mchezo mara moja. Inahesabu kutoka moja hadi elfu mbili, na kwa kila hesabu inatazama kama mchezaji amebonyeza herufi M. Akiibonyeza, mashine inarudisha kete na kuandika maneno kwenye skrini. Asipoibonyeza mpaka hesabu iishe, kete imekwenda.

M ya mwizi. Tulikuwa tukilipigia kelele neno hilo kila Ijumaa, tukaigonga mashine mbavu, na mlango ulikuwa hapo chini ya vidole vyetu.

Na maneno yenyewe ambayo mashine inaandika ikishikwa ni haya: "Umeniona. Umekua, mdogo wangu."

Nilisoma mstari huo mara nyingi. Dada Gatwiri akasoma juu ya bega langu, akaenda kuchemsha chai.

Nilirudi kwenye mchezo kujaribu. Nilisubiri wizi na kubonyeza M kwa nguvu zangu zote. Hakuna kitu. Nikajaribu tena, haraka zaidi. Hakuna. Nikaweka kidole juu ya M kabisa, nikabonyeza kete ilipotikisika tu. Hakuna. Nikafikiri ni sumaku tena. Nikasoma mistari, haikuwa na kosa lolote.

Ndipo nikaelewa. Elfu mbili si muda. Ni hesabu. Chuoni Mwalimu aliandikia kwenye mashine kongwe kuliko hizi zetu, ambayo ilihesabu polepole, na hesabu hiyo ikampa mtu nafasi ya kushtuka, kutazama na kunyoosha kidole. Namba Tatu ilikuwa na kasi zaidi. Ilimaliza elfu mbili kabla ya jicho kupepesa. Ya Dada Gatwiri ina kasi zaidi ya hiyo. Mlango upo, lakini tangu mchezo ufike shuleni kwetu umekuwa ukifunguka na kufungwa ndani ya kufumba na kufumbua. Hakuna msichana ambaye angeweza kuupita.

Na niliahidi kutogusa mstari hata mmoja.

Niliketi nikizungusha kikombe cha chai. Nikiuacha ulivyo, nimetunza ahadi na mchezo ule ule tulioujua, na mwizi hatashikwa milele. Nikibadilisha namba moja tu, nimevunja ahadi, lakini ndicho alichokusudia. Upi ndio mchezo wenyewe, ule alioutaka au ule tulioucheza? Hakuna somo ambalo limenifundisha hilo.

Nilimwomba Dada Gatwiri simu. Alinipa bila kutaja bei, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mwalimu alikuwa bado ofisini.

"Imefika?"

"Imefika, Mwalimu. Inasomeka."

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Mwalimu, ile M."

Nilisikia kiti kikivutwa.

"Umeipata," akasema. "Nilikuwa nasimama pale mlangoni nawasikia, Mwizi, Mwizi, nikijiambia, leo mmoja wao atabonyeza. Sikutaka kuwaambia. Mimi hakuna aliyeniambia."

"Tusingeweza, Mwalimu." Nikamweleza juu ya elfu mbili.

Nilisikia mtu akihesabu magunia nyuma yake.

"Kwa hiyo haijawahi kutokea," akasema. "Huko kwenu. Hata mara moja."

"Hata mara moja."

"Mimi nimewalaumu bure." Akacheka kidogo, cheko la pua. "Ile mashine ya chuo ilikuwa kama punda wa maji. Ungeweza kwenda kuoga ikihesabu. Niliijaribu mara moja tu. Nikasoma yale maneno, nikaizima. Sijacheza tena."

Nikamwambia ninachofikiria: kwamba disketi yake sitaigusa, nitainakili ilivyo na kuigawa ilivyo, kwa yeyote anayetaka, na makosa yake yote. Lakini pembeni nifanye nakala nyingine ambayo ndani yake mashine inangoja kama ilivyongoja chuoni. Nakala mbili, na kila moja iseme ni ipi.

"Na wewe umeshamshika mwizi kwenye hiyo ya pili?" akauliza.

"Bado sijaifanya."

"Ukiifanya," akasema, kisha akakohoa. "Ukiifanya, usimshike wewe kwanza. Shule ikifunguliwa nitapanda huko. Sawa, Kendi?"

"Sawa, Mwalimu."

"Na usiniache nishinde kwa huruma."

"Si mimi utakayecheza naye, Mwalimu."

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo. Kweli."

Dada Gatwiri alinipa disketi mbili mpya za duka lake na kusema nitamlipa kwa kumfundisha mchezo huo wa wezi. Kwenye ya kwanza nimeandika "Kiothi kama ulivyofika". Kwenye ya pili nimeandika "Kiothi kama alivyotaka". Ile ya Mwalimu nimeirudisha kwenye bahasha, na Mama ameiweka ndani ya sanduku la vitambaa vya hariri, mbali na redio. Nakala ya mchezo wangu mwaminifu nimeihifadhi pia. Itanikumbusha kutosahihisha haraka.

Katika nakala ya pili nilikadiria hesabu mpya, nikaijaribu. Sikuweza kujizuia kuijaribu. Nilicheza mpaka nikakaribia kushinda. Kete ikatoweka. Skrini ikatulia, ikangoja, na kwa mara ya kwanza niliuona ule muda wenyewe, umekaa wazi kama mlango wa nyumba yenye watu. Kidole changu kilikuwa juu ya M. Kilikuwa kimegusa kabisa.

Nikakiondoa.

Hesabu ikaisha, kete ikaenda zake, na mashine ikanishinda.

Sasa niko nyumbani, manyunyu bado yanaendelea, na Mama ameniuliza kwa nini natembea tena na kitu nilichokuwa nakingoja kimeshafika. Sijui nimjibu nini. Nilidhani ikija nitatulia. Badala yake nawaza juu ya mikono ya mtu anayeshinda siku nzima akiandika hesabu za kahawa. Je, atashtuka kwa wakati? Macho yake yakisimama kwenye shimo tupu, yakikumbuka, kidole kitafika?

Jumatatu, kabla Dada Gatwiri hajaanza kadi zake, nitarudi kwake. Nadhani nitaongeza sifuri moja kwenye ile hesabu.